Rangi ya batiki, matete na mchicha wa bondeni

Hivi karibuni nilikaa na akina mama wanaotengeneza batiki huko Tabata, jijini Dar es Salaam, kisha nikateremka kuongea na wakulima wa mboga wa bonde la Msimbazi. Kote wamesikia kwamba kuna mimea ya majini inayosafisha maji ya rangi, na wakaniuliza kama ni kweli. Ni kweli, ila habari yenyewe ina pande mbili, na upande wa pili unaingia moja kwa moja kwenye sahani zetu.

Nikimaliza kuchovya vitambaa, maji nayamwaga mtaroni. Yanaishia wapi?

Mtaro unaingia kwenye kijito, kijito kinaingia Msimbazi. Mto huo unatoka vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, hadi baharini karibu na Daraja la Selander. Njiani kuna bustani za mchicha na matembele zinazomwagiliwa kwa ndoo kutoka mtoni humo humo. Na usidhani rangi yote imebaki kwenye kitambaa, mama. Katika baadhi ya rangi za pamba, kati ya asilimia 10 na 50 haishiki, inaondoka na maji.

Rangi tu ina madhara gani?

Hata miligramu moja kwa lita inatosha kuonekana kwa macho. Maji yenye rangi huzuia mwanga, mimea ya chini inakufa, hewa ya oksijeni inapungua na samaki wanahangaika. Kibaya zaidi ni kile kisichoonekana. Zaidi ya nusu ya rangi za viwandani ni za jamii ya azo. Zikifika kwenye tope lisilo na hewa, hukatika na kuwa kemikali nyingine, na baadhi ya hizo husababisha saratani. Benzidini, mojawapo, inajulikana kwa miaka mingi kuwapa wafanyakazi wa viwanda vya rangi saratani ya kibofu cha mkojo. Rangi nyingine zimebeba metali kama kromu na shaba. Halafu kuna kostiki soda mnayochanganya: hiyo inaunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Vaeni glavu ndefu na miwani, na mtoto asisogee kwenye beseni.

Sasa mmea unasafishaje?

Tazama mzizi wa gugu maji: unaning'inia kama ndevu, nyuzi nyingi nyembamba. Chembe za rangi hunasa kwenye nyuzi hizo. Sehemu nyingine hunyonywa ndani, hasa metali, na nyingi hubaki kwenye mizizi bila kupanda majanini. Lakini kazi kubwa hufanywa na bakteria wanaoishi kwenye mizizi. Matete na mafunjo hupitisha hewa kutoka majani hadi mizizini, chini kabisa kwenye maji yasiyo na hewa. Pembeni mwa mzizi kunakuwa na oksijeni, milimita chache mbali hakuna. Bakteria wasiopenda hewa wanaikata rangi, wanaopenda hewa wanamalizia vipande vilivyobaki, ambavyo nilisema ni hatari. Ndiyo maana sehemu zote mbili zinahitajika. Ukiwa na moja tu umefanya nusu ya kazi.

Basi nichimbe dimbwi uani, nitupie magugu maji?

Hapana, tafadhali. Gugu maji huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili au pungufu, na watu wa Ziwa Victoria wameteseka nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mvua moja ya masika ikifurika, liko mtoni. Na dimbwi la wazi ni mazalia ya mbu.

Kinachofaa ni kitanda cha kokoto: shimo lisilovuja, kokoto kina cha sentimita 60 hivi, matete yakapandwa juu, na maji yakapita chini ya uso wa kokoto bila kuonekana. Mbu hapati pa kutagia. Maji hukaa humo siku 3 hadi 7. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa vitanda vya namna hii kwa miaka mingi, kwa hiyo utaalamu upo hapa hapa mjini. Mkijenga kimoja cha kikundi, mwiteni mtaalamu apime.

Ila msimwagie matete maji ya kostiki moja kwa moja, yatakufa. Kwanza nta iganduliwe, maji yatulie kwenye pipa, yachanganywe na maji ya suuza na ukali wake upunguzwe hadi kipimo cha pH kisome kati ya 6 na 9.

Yakitoka maangavu ni salama?

Rangi kupotea si sawa na sumu kupotea. Msiyanywe, msioshee vyombo, msimwagilie mboga.

Na matete yaliyovunwa?

Lazima yavunwe, maana yakioza humo yanarudisha kila kitu yalichokusanya. Mbuzi wasipewe, msitengenezee mboji ya bustani, msipikie. Yakaushwe na kupelekwa panapopokelewa taka za aina hiyo. Muulizeni afisa afya wa kata.

Mchicha wetu wa bondeni unahusikaje na haya?

Mzizi wa mchicha haujui tofauti na mzizi wa tete. Nguvu ile ile inayoifanya mimea isafishe maji ndiyo inayoingiza sehemu ya metali, kama kadmiamu na risasi, kwenye jani tunalokula, na mboga za majani hukusanya metali kuliko mboga za matunda. Kuosha kunaondoa tope na vijidudu vya nje. Kupika vizuri kunaua vijidudu, vikiwemo vya kipindupindu. Metali iliyomo ndani ya jani haitoki kwa chumvi, siki wala moto. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kadmiamu hujikusanya kwenye figo kwa miaka.

Mkulima mmoja aliniuliza, "Sasa nikiacha mchicha, watoto watakula nini?" Sikumwambia aache kulima. Nilimwambia mchicha auhamishie panapofika maji ya bomba au ya kisima kilichopimwa, na kando ya mto apande maua na miche ya miti, ambayo wateja wake wapo barabarani kila siku. Akishindwa kabisa, bamia ni afadhali kuliko mchicha, amwagilie chini kwenye shina na sio juu ya tunda, na akiingia majini avae buti za mpira.