Sahani ya mama inapopakuliwa mwisho

Maswali haya hutoka kwa akina mama wa Kisumu, wengi wao wachuuzi wa masoko ya Kibuye na Kondele, wakishuka kwenye mizani. Hawako peke yao: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta theluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi kiasi.

Mimi ndiye wa mwisho kula nyumbani, na mchana sili kitu. Mbona nanenepa?

Tuhesabu kwanza vile unavyokula bila kuviita chakula. Alfajiri unawapikia watoto uji na mandazi, wewe unatoka na kikombe cha chai. Sokoni unaongeza cha pili, saa nane cha tatu. Jioni umesimama jikoni: nusu chapati aliyoacha mtoto, ukoko wa wali, mchuzi wa mwisho unaoupangusa kwa tonge ili usimwagwe. Saa nne usiku, wote wakishalala, ndipo unaketi. Njaa ya kutwa nzima imekushika, kwa hiyo unakula haraka na unakula kingi.

Chapati moja kubwa ya mafuta inaweza kufika kalori 300. Nusu tatu za watoto tayari ni mlo. Na ile chai: vikombe vitatu vya vijiko vinne vinne ni vijiko 12 vya sukari, karibu gramu 50. Hapo ndipo Shirika la Afya Duniani linapoweka kikomo kwa mtu mzima wa kawaida, na linasema ni bora zaidi kukaa chini ya gramu 25, yaani vijiko sita hivi. Umefika kikomo na soda ya matanga ya Jumamosi bado haijafunguliwa.

Ukimuuliza mama amekula nini jana, atakutajia sahani. Makombo hayataji kamwe.

Basi nijipakulie mbele ya watoto? Mama mkwe ataniona mchoyo.

Hakuna atakayepunguziwa chake. Pakua sahani zote kwa mara moja, yako ikiwemo, kisha keti mle pamoja. Mama mkwe akiwepo mpakulie yeye kwanza, hiyo ni heshima yake, lakini yako isingoje usiku. Nusu ya sahani iwe mboga za majani: osuga (mnavu), dek (mgagani) au kunde. Ugali uwe kiasi cha ngumi yako, na samaki au maharagwe kiasi cha kiganja. Omena, yaani dagaa, ni chakula kizuri sana, ila angalia mafuta unayoikaangia.

Kilichobaki kifunike kiwe cha kesho. Makombo ya sahani za watoto wape kuku, watafurahi.

Asubuhi kula kabla ya kutoka, hata kama ni nyoyo ya jana, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, au viazi vitamu viwili na yai. Watu wengi wakianza hivi, ile njaa kali ya usiku hupungua wenyewe wakishangaa.

Niache ugali?

Hapana. Punguza mlima.

Nalala saa sita usiku, naamka saa kumi. Usingizi unahusu nini na uzito?

Unahusu sana. Mwili ulionyimwa usingizi huongeza homoni ya njaa, iitwayo ghrelini, na kupunguza leptini, ile inayoambia ubongo kwamba umeshiba. Ndiyo maana siku ya uchovu unatamani mandazi, si sukuma wiki. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba.

Hapa ndipo akina mama hunikasirikia, kwa sababu swali langu linalofuata ni: vyombo vinaoshwa na nani? Nyumba yenye kijana wa miaka 14 na baba mwenye mikono miwili haina haja ya mama kusugua sufuria saa tano usiku. Usingoje waone umechoka, hawataona. Sema: "Kuanzia leo vyombo ni vyako, na sare unapiga pasi mwenyewe." Wiki ya kwanza sufuria zitakuwa na masizi. Ziache hivyo hivyo.

Sina nafasi ya mazoezi.

Lengo ni dakika 150 kwa wiki. Shuka kwenye boda boda mapema, umalizie kwa miguu, mwendo wa kukufanya upumue kwa nguvu kidogo. Kukaa kwenye kibanda kutwa kunachosha, lakini si mazoezi.

Nikikonda, watu hawatasema ninaumwa?

Watasema. Huku kwetu ukimwi ulizika wengi, na macho yetu yalizoea kusoma ugonjwa kwenye shingo ya mtu. Mnene huambiwa anatunzwa vizuri, aliyepungua huulizwa anameza dawa gani. Ila huhitaji kukonda hivyo. Mama wa kilo 90 akipunguza kilo 4 na nusu tu, presha na sukari huanza kushuka, na jirani hata hajagundua. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Chai za kukondesha zinazouzwa barabarani zipite. Nyingi ni za kukuharisha tu, unapoteza maji na unabaki na mafuta.

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, onana na daktari kabla ya kubadilisha milo, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Na kama uzito unaanguka bila wewe kubadilisha chochote, huku una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku au kiu isiyoisha, usijipongeze. Nenda ukapimwe kifua kikuu, kisukari na virusi vya ukimwi. Nenda wiki hii hii, kabla hujampeleka mtoto yeyote kliniki kwa mafua.