Ukiitwa Hébert, usikimbilie kwa Louis

Wateja wa jina la Hébert wanaponijia niwafuatilie nasaba yao Quebec, Kanada, wengi hufungua mazungumzo kwa kauli ileile: "Sisi ni uzao wa Louis Hébert." Huwa nawamiminia kahawa kwanza, maana habari ninayowapa si tamu. Kuumeni, ukoo wa Louis ulikatika zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Louis alikuwa mfamasia wa Paris. Mwaka 1617 alihamia Quebec pamoja na mkewe Marie Rollet na watoto watatu, Anne, Guillemette na Guillaume, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa familia ya kwanza ya Kifaransa kuja kukaa pale na kulima. (Wenyeji walikuwapo tangu zamani, tusisahau.) Januari 1627 Louis alikufa baada ya kuanguka kwenye barafu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1629, Wafaransa wengi waliondoka. Watu wa nyumba hii walibaki.

Anne alifariki kwa uzazi bila kuacha mtoto. Guillaume alimwoa Hélène Desportes mwaka 1634, akafa miaka mitano baadaye. Mwanawe Joseph alitekwa na wapiganaji wa Iroquois, mojawapo ya jamii za wenyeji, mwaka 1661 akauawa, na mtoto wa kiume aliyemwacha akafa mdogo. Basi, jina likaishia hapo. Akina Hébert wengi wa leo wanatokana na Antoine na Étienne wa Acadia, koloni jingine la Kifaransa kwenye pwani ya mashariki ya Kanada, ambao ni watu wengine kabisa.

Damu ya Louis itafute kukeni. Françoise, dada yake Joseph, aliolewa na Fournier. Guillemette, shangazi yao, aliolewa na Guillaume Couillard mwaka 1621 akazaa watoto 10, na vitukuu na vilembwe wao wametapakaa Quebec nzima kwa majina chungu nzima. Bahati nzuri, makasisi wa huko walimwandika mwanamke kwa jina la baba yake hata akiwa ameolewa au mjane. Guillemette ni Hébert mpaka kaburini. Ukizoea madaftari ya Kiingereza, ambamo mke humezwa na jina la mume, utaona kazi imepungua nusu.

Lakini tarehe za mwanzo zisome kwa tahadhari. Juni 1640 kanisa la Quebec liliungua pamoja na madaftari yake, na kumbukumbu za ubatizo, ndoa na mazishi zikaandikwa upya kwa kuwauliza watu wanakumbuka nini. Nani kati yetu anaikumbuka sawasawa siku ya harusi ya jirani, miaka 19 imeshapita?

Kuna mtu mwingine wa nyumba ile ambaye chati nyingi humruka. Ni mtoto kutoka Madagaska, aliyeletwa na Waingereza, akauzwa, kisha akaishia kwa akina Couillard. Alibatizwa mwaka 1633 akaitwa Olivier Le Jeune: Olivier ni la karani Olivier Letardif, Le Jeune ni la kasisi Paul Le Jeune aliyemfundisha. Alipozikwa mwaka 1654 daftari lilimwita mtumishi. Chati ya Couillard ninayoichora mimi humweka humohumo nyumbani, kando ya watoto 10, ndani ya kisanduku kisicho na mstari wa kwenda juu wala wa kushuka chini.