Je, wajua kwa nini projekti nyingi za chuo zinaishia kwenye PHP na MySQL?

Siku ya prezentesheni za mwaka wa mwisho ukikaa nyuma ya ukumbi utasikia kitu hicho hicho, mfumo wa duka la dawa, PHP na MySQL, mfumo wa hosteli, PHP na MySQL, anayefuata naye hivyo hivyo. PHP ni lugha ya kuandikia programu za websaiti, MySQL ni databesi, yaani mahali data inapohifadhiwa. Wengi hawakuchagua, wamerithi kwa waliomaliza mwaka jana. Ila sababu ya mwanzo ipo, na inafaa uijue kabla hujaamua unafuata au unaacha.

PHP aliianza Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, mwaka 1994, alitaka tu vijiprogramu vya kuendeshea ukurasa wake binafsi, na 1995 akaviachia watu watumie bure. Kwa hiyo toka mwanzo ni lugha ya kuchomekwa katikati ya HTML, ile lugha ya kupangia kurasa za websaiti. Na inavyofanya kazi ndo utamu ulipo: mtu akifungua ukurasa, seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa, inaamsha faili lako, linafanya kazi yake, linatoa majibu, linakufa, akija mwingine linaanza upya kabisa. Ndo maana ukirekebisha kitu unasevu tu, unarifreshi brauza, basi. Ndo maana pia kampuni za hostingi, zinazokodisha nafasi kwenye seva, ziliweza kubananisha websaiti kibao kwenye seva moja na kuuza bei ya chini, maana websaiti ambayo haijafunguliwa na mtu haisumbui seva. Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva, ni tofauti, pale programu yako inakaa macho muda wote, na kosa moja usilolidaka linaweza kuiangusha yote mpaka iwashwe tena. Sio mbaya kabisa, ukitaka chati ya papo kwa papo hapo ndo mahali pake, ila kwenye hostingi ya bei rahisi utahangaika nayo.

MySQL nayo ni ya 1995, na hiyo "My" ni jina la binti wa Michael Widenius, mmoja wa walioitengeneza. 2009 Oracle walipokubaliana kuinunua Sun, kampuni iliyokuwa inaimiliki MySQL, Widenius akaanzisha MariaDB, databesi iliyotokana na MySQL, hapo napo ni jina la binti yake mdogo. Angalia sasa, XAMPP ya siku hizi, kile kifurushi cha kuendeshea PHP kwenye kompyuta yako, ndani yake kuna MariaDB, kwa hiyo ukiandika MySQL kwenye ripoti yako jiandae kuulizwa.

Mi naona tunakosea kuanza na lugha, tungeanza na data. Duka la dawa lina dawa, mauzo, wateja, na kila uzo moja lazima lipunguze stoo. Umeme ukikatika katikati, uzo limeandikwa ila stoo haijapungua, hesabu ya mwenye duka imeharibika. Databesi ya majedwali inakupa muamala, yaani vyote viwili vifanyike au kisifanyike hata kimoja. Kwa kazi za namna hii sioni kwa nini mtu akimbilie MongoDB, databesi isiyotumia majedwali, eti kwa sababu ni mpya mpya.

Halafu kuna SQLite, ambayo nasikitika haitajwi sana madarasani. Richard Hipp aliiandika mwaka 2000 akiwa kwenye kazi ya meli ya kivita ya Marekani, alichoka na databesi ambayo seva yake ikigoma programu nzima inasimama, akatengeneza isiyohitaji seva kabisa, databesi yote ni faili moja. Simu yako ya Android inayo humo ndani. Mimi hiki kitu nilikielewa kwa uchungu: nilibeba folda ya htdocs, ile XAMPP inapoweka kurasa, kwenye flashi, nikafika kwenye kompyuta ya ukumbini, kurasa zinafunguka ila data hamna, kumbe databesi imebaki kwenye laptopu nyumbani, sikuieksipoti kwenye phpMyAdmin, ule ukurasa wa kusimamia databesi. Ingekuwa SQLite ndani ya ile folda ningekuwa nimekuja nayo.

Udhaifu wake ni kwamba anayeandika ni mmoja kwa wakati, wengine wanasubiri zamu, kwa hiyo mfumo wa watu wengi wanaoingiza data kwa pamoja usiuweke huko. Kwa mfumo wa wahudumu watatu wa duka inatosha kabisa. Django ya Python na Laravel mpya ya PHP, fremuweki za kujengea websaiti, zote zinaanza nayo bila kusetiwa chochote, na kwenye PHP ya kawaida ukitumia PDO, njia yake ya kuongea na databesi za aina mbalimbali, siku ya kuhamia MySQL unabadilisha mstari wa kuunganisha na sehemu chache za SQL, lugha ya kuiulizia databesi.