Je, wajua kwa nini mfungwa anayefanya kazi hahesabiwi mfanyakazi?

Kwenye soko la Kenya hapa Lubumbashi (Kenya ya komini yetu, si ile ya Nairobi) nilinunua kapu lililofumwa kwa nyuzi za magunia, mistari myekundu na ya kijani. Mama aliyeniuzia alisema bila aibu: "Bwana yangu anayafuma kule buloko," yaani gerezani. Nyuzi anampelekea mwenyewe, pamoja na bukari (ugali). Nikamuuliza: na zile kazi nyingine za mule ndani, kuchota maji, kupakua unga, kupika vungule (mahindi na maharage ya wafungwa), analipwa? Akacheka mpaka akashika meza.

Sheria yenyewe inamuunga mkono kwa kicheko hicho. Sheria ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, imejengwa juu ya mkataba: huyu anatoa jasho, yule anatoa mshahara, na wote wawili wamekubali. Mfungwa hakukubaliana na mtu. Kazi yake imetoka kwenye hukumu, kwa hiyo SMIG, yaani mshahara wa chini uliowekwa na serikali, haimfikii.

Basi si utumwa huo? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1930, katika Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kongo iliuridhia mwaka 1960, mwaka wa uhuru. Mkataba unakataza kazi yoyote ambayo mtu hakujitolea na anayofanyishwa kwa kutishiwa adhabu. Kazi ya mfungwa umeiacha nje ya katazo hilo, ila kwa masharti: awe amehukumiwa na mahakama, asimamiwe na mamlaka ya umma, na asikodishwe wala kukabidhiwa kwa mtu binafsi au kampuni. Kampuni ikimtaka, wataalamu wa Shirika hilo wanasema lazima aridhie mwenyewe kwa hiari, tena kwa malipo na masharti yanayokaribia ya mfanyakazi huru. Na yule mkubwa anayewatoa wafungwa wanne wakampangie matofali nyumbani kwake? Huyo hana pa kujifichia.

Malipo yameelezwa vizuri zaidi katika Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 na kupewa jina la mtu aliyevunja mawe Robben Island. Kanuni ya 103 inataka ujira wa haki, tena inaugawa: sehemu mfungwa anunulie vitu vyake, sehemu aitume kwa familia, sehemu iwekwe akiba akabidhiwe siku ya kutoka. Akiumia kazini, afidiwe kama mfanyakazi wa nje. Apumzike angalau siku moja kwa juma. Lakini kanuni si mkataba; hazina meno ya kumng'ata anayezipuuza.

Kwetu kuna fundo jingine. Katiba ya 2006, kifungu cha 16, inasema hakuna mtu wa kutiwa kwenye kazi za lazima. Halafu sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 ikaingiza "kazi za kulazimishwa" miongoni mwa adhabu. Wengi walilisikia jina hilo Juni 2020, Vital Kamerhe, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Rais, alipohukumiwa miaka 20 ya kazi hizo (mwaka 2022 mahakama ilimwona hana hatia). Wanasheria bado wanavutana, na mimi naona katiba ndiyo yenye haki ya kusema mwisho.

Nilirudi kwa yule mama kununua kapu la pili. Kumbe mume wake hajahukumiwa. Anangojea kesi, kama wengi waliomo magerezani mwetu. Nikamwambia basi halazimishwi kazi yoyote: Kanuni ya 116 inasema aliye mahabusu apewe nafasi ya kufanya kazi akitaka, na akifanya alipwe. Safari hii hakucheka. Alichana kipande cha katoni, akanipa kalamu.

"Uniandikie hiyo namba. Nitamupelekea siku ya Yenga."