Faida Ikihama kwa Makaratasi, Ajira Hubaki?

Kukwepa kodi ni kosa la jinai. Kuepuka kodi ni kupenya pale sheria ilipoacha mwanya, na huko ndiko kampuni za kimataifa zilikobobea. Kampuni mama huikabidhi hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) au nembo yake kwa kampuni tanzu iliyosajiliwa penye kodi ndogo, kisha matawi mengine huilipa mrabaha, yaani ada ya kuitumia. Faida iliyotoka jasho kiwandani huandikwa mahali penye meza mbili na simu. Mwaka 2015 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linaloundwa hasa na nchi tajiri, ilikadiria kuwa mbinu za aina hii huzinyima serikali duniani dola bilioni 100 hadi 240 kila mwaka.

Watetezi wa mbinu hizi husema fedha inayookolewa itarudi kuajiri watu. Marekani ililijaribu hilo. Sheria ya 2004, ambayo hata jina lake lilitaja ajira, iliziruhusu kampuni kurudisha faida iliyokaa nje kwa kodi ya asilimia 5.25 badala ya 35. Zikarejea takriban dola bilioni 312. Kununua hisa zao wenyewe kwa fedha hizo kulikatazwa, lakini fedha haina alama: ukilipia mishahara kwa iliyorudi, ile uliyokuwa umeitenga kwa mishahara iko huru kununulia hisa. Ripoti ya kamati ndogo ya Seneti mwaka 2011 ilionyesha kuwa kampuni 15 zilizorudisha fedha nyingi zaidi, zikijumlishwa pamoja, zilipunguza kazi zaidi ya 20,000 kati ya 2004 na 2007.

Anayeumia kimyakimya ni mwajiri asiye na tawi nje. Anashindania wateja walewale huku akilipa kodi kamili.

Hata hivyo, kuziba mwanya nako kuna gharama. Marekani ilipoondoa hatua kwa hatua unafuu wa kodi kwa kampuni zake zilizoandika faida Puerto Rico, kisiwa kilicho chini yake, kuanzia 1996 hadi 2006, utafiti uligundua kuwa kampuni zilizoutegemea zilipunguza uwekezaji na ajira huko Marekani bara. Nchi moja ikibana peke yake, mtaji huhamia pengine.

Ndiyo maana mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana juu ya kima cha chini cha kodi ya faida cha asilimia 15 kwa makundi ya kampuni yenye mapato ya kuanzia yuro milioni 750. Ndani yake kuna kipengele kisichozungumzwa sana: sehemu ya faida, inayopimwa kwa mishahara na mali halisi iliyopo nchini, haitozwi kodi ya nyongeza ya kufikia asilimia hizo 15. Kiwanda chenye wafanyakazi hunufaika. Ofisi ya meza mbili haipati kitu cha maana.