Mafuta Mkiani: Wanayodhani Watu na Ukweli Ulivyo

Magongo, Mombasa, ndege pana za watalii zikishuka Uwanja wa Moi, barazani hakukosekani mjuzi wa kueleza mafuta ya ndege hukaa wapi na kwa nini.

"Mafuta yako tumboni, chini ya abiria." Baadhi tu. Kwa ndege nyingi kubwa, sehemu kubwa imo mabawani. Tangi la katikati kwa kawaida hutumika kwanza, maana uzito wa mafuta bawani hulisaidia bawa lisipindwe juu mno.

"Uzito ukienda mkiani, hiyo ni hatari." Hili mtu wa pwani hana udhuru kulisema. Nahodha wa jahazi hatupi farumi, ule uzito wa kulituliza jahazi, popote. Hutazama omo (mbele) na tezi (nyuma). Kwenye ndege, kitovu cha uzito, pale uzito wote unaposawazika, huwa mbele kidogo ya pale mabawa yanapoinulia, basi pua hutaka kuinama. Bawa dogo la mkia hukandamiza chini kuizuia. Hiyo ni hasara tupu: mabawa makubwa hubeba mzigo wa ziada, hewa hukinza zaidi, mafuta huliwa. Ndiyo maana baadhi ya ndege kubwa zikishafika juu, pampu husukuma mafuta hadi tangi lililo ndani ya bawa la mkia. Kitovu kinarudi nyuma, mkia unapata nafuu. Airbus A310-300, ambazo Kenya Airways ilianza kuzirusha 1986, zilikuwa nalo. A330 inalo pia. Mpaka upo, bila shaka: kitovu kikirudi nyuma mno, ndege hukosa utulivu. Kompyuta hulichunga hilo, na kabla ya kutua mafuta hurudishwa mbele.

"Rubani humwaga mafuta ili kusawazisha." La. Humwaga akilazimika kutua mapema, ndege ingali nzito kupita kiasi. Bawa moja likizidi jingine, hufungua vali, injini zote zikanywa kutoka upande mzito.

"Ni ubahili wa mashirika tu." Kwa Concorde, ndege ile ya abiria iliyoruka kuishinda sauti, haikuwa hivyo. Ikivuka kasi ya sauti, nguvu ya kuinua ilihamia nyuma na pua ikaelemea chini. Takriban tani 20 za mafuta zilisukumwa nyuma kuifuata, zikarudishwa mbele mwendo ulipopungua. Kuizuia pua kwa vibao vya mabawa kungeongeza ukinzani usiobebeka kwa kasi ile.

"Basi kila ndege inalo tangi la mkiani." Boeing 737, zinazotua hapa Mombasa kila mara, hazina. Kwao hesabu hufanywa chini: shehena ikae wapi, abiria wakae wapi, na bawa la mkia liwekwe pembe gani kabla ya kuruka.