Je, wajua kwa nini siti laini ya pikipiki ndiyo huumiza zaidi safari ikiwa ndefu?

Ukibonyeza siti ya pikipiki kwa kidole gumba ikadidimia kwa ulaini, ni rahisi kudhani umepata siti ya safari. Nusu saa ya kwanza itakupa moyo. Kufika saa ya pili unajisogeza kushoto, unajisogeza kulia, unasimama kwenye vikanyagio, na macho yanatafuta mahali pa kuegesha badala ya kutazama barabara. Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la anasa: dereva anayeumwa hatulii, na asiyetulia hukosea.

Mtu anapoketi, uzito hauenei makalio yote. Huteremkia kwenye ncha mbili za mifupa ya nyonga, zile unazozihisi ukikaa kwenye ngazi ya saruji. Kwa watu wazima wengi ncha hizo zimeachana kwa sentimita 10 hadi 15, na nyama iliyo chini yake ndiyo inayobanwa kati ya mfupa na siti. Tuseme siti inabeba kilo 60 za mwili wako. Zikitua kwenye eneo la sentimita 100 za mraba, kila sentimita ya mraba inabeba gramu 600. Zikitandazwa kwenye sentimita 400 za mraba, ni gramu 150. Sasa linganisha na hili: mwaka 1930 mtafiti Mmarekani Eugene Landis alipima shinikizo la damu katika mishipa midogo kabisa ya kidole, akapata wastani wa milimita 32 za zebaki pale damu inapoingia, yaani kama gramu 43 kwa sentimita ya mraba. Shinikizo la juu ya ngozi halifiki lote ndani ya mshipa, lakini picha iko wazi. Hata siti nzuri hubana damu; siti mbaya hubana kwa nguvu mara nyingi zaidi, na mahali palepale.

Sponji laini inaingiaje hapo? Sponji ya siti ni povu la poliurethani lenye vyumba vidogo vya hewa. Ukiikalia, kuta za vyumba hujikunja na kukusukuma juu. Sponji laini hujikunja mapema mno. Chini ya mifupa hubanika hadi hewa imetoka, na tangu hapo haifanyi tena kazi ya springi; ni tabaka gumu lililolala juu ya bamba la plastiki. Siti imegonga chini. Wakati huohuo sponji ya pembeni, ambayo haikubanwa, hubaki juu na kukandamiza mapaja na sehemu laini za katikati. Kosa ni mara mbili. Tena sponji hulegea kadiri inavyopata joto la mwili na kubanwa kwa muda, ndiyo maana kipimo cha kidole gumba hudanganya: kidole hakikai saa mbili.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni uzito wako unatua wapi, na kwenye eneo kubwa kiasi gani. Umbo la siti huja kwanza, uimara wa sponji hufuata, kava ni la mwisho. Wengi huanza na kava.

Maumivu yako yako wapi?

Usishike kisu cha kukatia sponji kabla ya kujibu hili, kwa sababu kila mahali pana chanzo chake.

Maumivu ya nukta mbili, kama umekalia kokoto, ni dalili ya siti iliyogonga chini au iliyo nyembamba kiasi kwamba mfupa mmoja unakaa ukingoni. Kifandugu kikiuma, mara nyingi umekaa umepinda mgongo, aidha kwa sababu usukani uko mbali au kwa sababu siti inakuruhusu kudidimia nyuma. Ganzi sehemu za siri huja pale siti inapoteremka kuelekea tangi: unateleza mbele, uzito unahama kutoka kwenye mifupa na kutua kwenye mishipa ya fahamu iliyo katikati ya mapaja. Ganzi hii isichukuliwe kama jambo la kawaida, na isipoondoka muda mfupi baada ya kushuka, mwone daktari. Miguu ikifa ganzi kuanzia mapajani, tazama kingo za siti, kwani kona kali hukata njia ya damu chini ya paja. Ngozi kuwaka moto bila maumivu ya ndani ni joto, jasho na mshono, iwe wa kava au wa suruali.

Kisha kagua pikipiki yenyewe. Siti hulaumiwa kwa dhambi za shokapu. Pima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama moja kwenye fremu gurudumu likiwa limenyanyuliwa, halafu pima tena ukiwa umekaa na mzigo wako wa kawaida. Kwa pikipiki nyingi za barabarani tofauti ya milimita 30 hadi 40 ni nzuri. Ikiwa ndogo sana, springi imekazwa kupita kiasi na kila shimo linakuja kwenye uti wa mgongo. Ikiwa kubwa sana, shokapu inafika mwisho na kugonga. Mwili ulioketi hutikisika zaidi kwa mitetemo ya wima ya takriban mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na sponji laini haizuii mitetemo hiyo ya taratibu, mara nyingi huikuza. Angalia pia upepo wa matairi.

Mteremko wa siti pimia pima maji, ukiwa umekaa, kwa kuwa nyuma ya pikipiki hushuka ukipanda. Sehemu inayobeba mifupa iwe sawa kabisa au iinuke kidogo sana upande wa mbele. Ikiwa inateremka mbele, siti nyingi zinaweza kuinuliwa pua kwa kuongeza washa (kijiduara cha chuma chenye tundu) au raba ya milimita 5 hadi 10 kwenye ndimi zinazoshika siti au bolti za mbele. Hakikisha tu kwamba loki ya nyuma bado inashika sawasawa, maana siti inayochomoka mwendoni ni hatari kuliko siti inayouma. Marekebisho haya madogo yamewaondolea watu ganzi bila sponji kuguswa.

Kuchagua sponji

Sponji ina sifa mbili zinazochanganywa kila siku: uzito na ugumu. Uzito ni kilo ngapi zimo kwenye mita moja ya ujazo, nao ndio unaoamua itadumu muda gani. Ugumu ni nguvu inayohitajika kuibonyeza. Unaweza kupata sponji ngumu lakini nyepesi, na hiyo itakukalia vizuri wiki chache kisha ibaki na mashimo mawili.

Sponji ya magodoro mepesi huwa kilo 16 hadi 24 kwa mita ya ujazo. Haifai siti hata iwe nene vipi. Tafuta ya kilo 50 hadi 60. Ile iliyotengenezwa kwa vipande vya rangi mchanganyiko vilivyobanwa na kugandishwa huanzia kama kilo 80, ni imara sana, na hufaa kuwa tabaka la kubeba. Huna haja ya kuamini maneno ya muuzaji. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10, ambacho ni lita moja, ukipime kwenye mizani ya jikoni. Gramu unazosoma ndizo kilo kwa mita ya ujazo.

Sponji inayokumbuka umbo ina mvuto wake, lakini hulainika kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Tabaka la milimita 10 juu linatosha; siti nzima ya sponji hiyo itagonga chini asubuhi hiyohiyo. Jeli nayo husambaza uzito vizuri, ila ni nzito, na pikipiki ikiegeshwa juani hushika joto na kukaa nalo. Ukiitumia, ichimbie nafasi ndani ya sponji. Ikiwekwa juu tu, kingo zake utazihisi.

Kazi yenyewe

Pima kwanza mifupa yako. Weka kipande cha boksi la karatasi lenye mawimbi kwenye kiti kigumu, likalie, nyanyua miguu, inama mbele kidogo, kisha simama. Utaona mabonde mawili. Pima katikati hadi katikati. Sehemu bapa ya siti izidi umbali huo kwa angalau sentimita 5 kila upande. Ukipata 13, basi 23 ndicho kiwango cha chini, na zaidi ya hapo ni faida. Mbele iwe nyembamba ili miguu ifike chini bila kupanuliwa.

Ng'oa pini za kava kwa bisibisi bapa nyembamba na koleo. Usitupe kava, ndilo kipimo cha jipya. Chora mstari wa katikati kwenye sponji, kaa juu yake ukiwa na nguo zako za safari, na mtu akuzungushie alama. Choma kijiti chembamba pale mifupa inapotua hadi kiguse bamba, usome unene. Ikiwa ni chini ya milimita 60, usichimbe, ongeza juu. Ukiongeza sentimita 2, magoti yatakunjuka na kupumua, lakini kumbuka kuwa na ardhi nayo inakwenda mbali kwa kiasi hicho.

Kama unene upo, chimba eneo la upana wa sentimita 30 hivi na urefu wa 22, kina cha milimita 20 hadi 25, ukibakiza angalau milimita 40 za sponji ya zamani chini. Tumia kisu kirefu chenye meno, kama cha kukatia mkate, ukikivuta bila kukandamiza, la sivyo sponji hujikunja na mkato unapinda. Jaza shimo kwa sponji imara iliyozidi kidogo kina, kisha isawazishe kwa diski ya msasa namba 36 au 40, umalizie na namba 80. Vaa barakoa, vumbi hili si la kuvuta. Gundi ya kugandisha pande mbili, kama ile ya mafundi viatu, hupakwa tabaka jembamba kila upande, huachwa dakika 5 hadi 10 mpaka haishiki kidole, ndipo hubandikwa. Ikipakwa nene hukauka ikawa ukingo mgumu utakaouhisi. Mvuke wake unawaka, hivyo fanya kazi penye hewa na usisage karibu nayo.

Kata kona za pembeni ziwe mviringo. Mwenye ganzi achonge mfereji wa kati, upana sentimita 5 au 6, kina milimita 10 hadi 15. Mwenye tatizo la kifandugu aurefushe mfereji huo hadi nyuma. Nundu inayotenganisha dereva na abiria ikirudishwa nyuma sentimita 3, unapata nafasi ya kubadili mkao, na nafasi hiyo ina thamani kuliko jeli yoyote. Lakini choma kijiti kwanza, kwa sababu mara nyingi bamba hupanda hapo na sponji ni nyembamba. Mwisho, funika siti nzima kwa sponji laini ya milimita 8 hadi 10 ili viungo visionekane.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, rudisha kava la zamani kwa pini chache, uendeshe angalau saa nzima. Umbo baya husamehewa dakika kumi, halisamehewi saa. Rudi ukachonge tena. Marudio mawili au matatu ni ya kawaida.

Kava jipya liwe la plastiki inayonyumbuka pande zote mbili. Liache juani lilainike, anza pini katikati mbele, kisha katikati nyuma, halafu pande kwa zamu. Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu, urefu milimita 6, umbali milimita 10 hadi 15. Ndefu zaidi hutoboa ukingo wa bamba na kuchana kava kwa ndani. Na usilivute kama ngozi ya ngoma. Kava lililokazwa mno hukubeba lenyewe kabla sponji haijafanya kazi, na juhudi yako yote inabaki chini bila kutumika. Mshono usipite mifupa inapokaa, na uzibwe kwa gundi upande wa ndani, kwani kila tundu la sindano ni mlango wa mvua. Sponji iliyolowa hukamuka kila ukikaa, na huchukua siku kadhaa kukauka.

Asiyetaka kukata chochote ana njia mbili za maana. Ngozi ya kondoo yenye manyoya hupitisha hewa na kupunguza msuguano, ingawa haiokoi siti iliyogonga chini. Mto wa hewa husambaza uzito vizuri sana, lakini wengi huujaza mpaka unakuwa mpira. Ujaze, ukae, kisha toa hewa kidogo kidogo mpaka ubakiwe na kama sentimita moja tu kati ya mifupa na siti.

Suruali isiwe na mshono mnene wa makalioni, na nguo ya ndani isiwe ya pamba inayohifadhi jasho. Halafu, kwa kuwa hata gramu 150 kwa sentimita ya mraba bado zinabana damu, simama kwenye vikanyagio sekunde chache kila dakika 15 au 20 barabara ikiwa salama, na ushuke kabisa kila baada ya saa moja na nusu hivi, kabla maumivu hayajaanza. Nyama iliyokwisha kuumia haiponi kwa mapumziko ya dakika tano.